Barua ya wazi kwa wakuu wa afya Mombasa: rejista za dharura zinawaona watoto wanaoumizwa, nani anazisoma?

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Kwa Waziri wa Afya wa kaunti. Kwa wasimamizi wa hospitali zote, za umma na za watu binafsi. Na kwa Mratibu wa Huduma za Watoto katika kaunti yetu.

Salamu za heshima.

Mimi ni mtunza rekodi za afya katika hospitali ya umma humu Mombasa. Nakaa dirishani. Naandika jina, umri, mtaa, nambari ya simu ya mzazi, kisha mgonjwa anasonga kwa muuguzi anayepima joto na uzito. Mwisho wa mwezi mimi na wenzangu tunakaa na rejista, tunahesabu, tunajaza ripoti, na ripoti inapandishwa kwenye mfumo wa taifa. Kazi hii wengi huiona ndogo. Lakini kila mtoto anayeingia kwa mlango wa dharura lazima apite kwenye kalamu yetu, na ndiyo maana nimeona niandike mimi badala ya kungoja mwenye cheo aandike.

Ninalowaambia ni hili. Watoto wanaopigwa, wanaochomwa na wanaotelekezwa nyumbani wanaletwa hospitalini. Tunawatibu, tunawaandika, wanarudi kule kule. Ushahidi wa mateso yao tunao kabatini, umetawanyika ukurasa huu na ule, hospitali hii na ile, na hakuna aliyepewa kazi ya kuukusanya na kuusoma.

Chukueni rejista yoyote ya wagonjwa wa nje wa chini ya miaka mitano, ile MOH 204A, mkae nayo saa moja. Mtaona jina, umri, kijiji au mtaa, ugonjwa, dawa. Kwa mtoto aliyeumia, daktari au afisa wa kliniki ataandika jeraha, kuvunjika, kuungua. Na akipata nafasi ataongeza neno moja la sababu. Neno hilo mara nyingi ni moja tu: ameanguka. Ameanguka kitandani, ameanguka ngazini, ameanguka akicheza. Aghalabu ni kweli, maana watoto huanguka, na vyumba vyetu vya Kisauni na Likoni ni vidogo, jiko liko chini, sufuria ya chai iko chini, na mtoto anatambaa hapo hapo. Mwisho wa mwezi nachora kijiti kimoja kwenye karatasi ya hesabu: kuungua, moja. Majeraha mengine, moja. Mtoto ameingia kwenye takwimu, na habari yake imeishia hapo.

Nitawaeleza mtoto mmoja. Hospitali siitaji, mtaa siutaji, na lolote la kumtambulisha nimeliacha. Aliletwa mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu, mkono umevimba. Rejista ikasema ameanguka kitandani. Alifungwa, akapewa dawa ya maumivu, akaenda. Wiki kadhaa baadaye akaletwa tena usiku, zamu nyingine, daktari mwingine, miguu yote miwili imeungua. Mstari wa kuungua ulizunguka vifundo vyote viwili kwa kimo kimoja. Kwenye rejista pakaandikwa: amekanyaga maji moto. Umri: miezi mitano.

Someni tena mistari hiyo miwili. Mtoto wa miezi mitano hakanyagi kitu, kwani hajasimama. Maji yanayomwagika kwa bahati mbaya hurukia, hutiririka, huacha madoa ya matone, na huunguza upande mmoja kuliko mwingine. Maji yanayoacha mstari ulionyooka kwa miguu yote miwili ni maji ambayo mtoto ametiwa ndani yake akashikiliwa. Madaktari wanaoshughulika na majeraha ya moto wanalijua hili vizuri sana. Lakini daktari wa zamu ile alikuwa na benchi limejaa, hakujua habari ya mkono, na hakuna karatasi iliyomtaka alinganishe jeraha na umri.

Mimi nilijua kwa sababu ya nambari ya simu. Mara ya kwanza mtoto aliandikishwa kwa jina lake na la baba. Mara ya pili kwa jina lake na la babu. Majina yetu ya Pwani ndivyo yalivyo, mtu mmoja ana mlolongo wa majina na kila mlezi hukata anapotaka. Kwa rejista, hao walikuwa watoto wawili. Nambari ya simu ya mzazi ilikuwa ile ile. Nilichukua vitabu vyote viwili nikaenda kwa msimamizi wa zamu. Nikaambiwa kazi yetu ni kuandika, upelelezi ni wa polisi, na kwamba kama hakuna aliyelalamika hakuna kesi. Mtoto wa miezi mitano angelalamika kwa nani? Mara ya tatu hakuletwa kwetu.

Jambo hili halikuanza Mombasa. Mwaka 1946 daktari wa picha za eksirei nchini Marekani, John Caffey, aliandika kuhusu watoto wachanga sita waliokuwa na damu iliyovilia ndani ya fuvu pamoja na mifupa iliyovunjika mikononi na miguuni, bila maelezo ya kuridhisha. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake wa Colorado wakauliza hospitali kote nchini humo, na hospitali 71 zikawajibu kwamba zilikuwa zimeona watoto 302 walioteswa katika mwaka mmoja. 33 kati yao walikufa na 85 walibaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Hospitali hizo zilikuwa na watoto hao siku zote. Tofauti ni kwamba mtu aliuliza, na faili zikafunguliwa. Muda si mrefu baadaye majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kuripoti.

Tena si kila mtoto huumizwa sana kwa ghafla. Wengine huanza na alama ndogo. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa watoto wachanga 200 waliothibitika kuteswa: zaidi ya robo yao walikuwa wameonekana awali na jeraha dogo, chubuko au mdomo uliochanika kwa ndani, kabla ya lile kubwa. Katika watoto 101 waliochunguzwa na kukutwa hawakuteswa, hakuna hata mmoja aliyekuwa na jeraha dogo la kutangulia. Chubuko kwa mtoto asiyejivuta bado ni jambo zito, na ndilo jambo ambalo sisi tunaliandikia paracetamol na kuliaga.

Wahusika wakuu, kuna kisa kimoja cha Uingereza ambacho ningependa kila msimamizi wa hospitali hapa akijue, kwa sababu kinagusa moja kwa moja desturi zetu. Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake akasome Ulaya. Sisi nasi tunafanya hivyo kila siku: mtoto anatoka Kwale, Kilifi au Lamu anakuja mjini kwa ami au kwa shangazi, asome shule, asome madrasa. Wengi wanalelewa vizuri kuliko wangelelewa kwao. Victoria hakupata bahati hiyo. Julai 1999, akiwa London, alifikishwa hospitalini mara mbili katika muda wa siku kumi. Hospitali ya kwanza, daktari mkubwa aliamua kwamba alama mwilini mwake ni upele tu, na akaruhusiwa siku iliyofuata. Hospitali ya pili aliletwa ameungua kwa maji moto kichwani na usoni. Alilazwa karibu wiki mbili. Wauguzi waliona mengi: alama mwilini, na jinsi alivyobadilika shangazi alipoingia wodini. Mengi kati ya hayo hayakuandikwa kwenye faili. Agosti akarudishwa kwa wale wale. Alikufa tarehe 25 Februari 2000, akiwa na miaka minane, na uchunguzi wa maiti ukakuta alama 128 mwilini mwake.

Tume iliyoongozwa na Lord Laming ilitoa ripoti Januari 2003. Ilikuta nafasi zisizopungua 12 ambapo mtu wa kazi, awe daktari, polisi au afisa wa ustawi, angeweza kumwokoa kwa kufanya jambo dogo tu. Si jambo la utaalamu mkubwa. Kuandika alichokiona. Kusoma alichoandika mwenzake. Kuzungumza na mtoto bila mlezi kuwapo. Nchi yenye madaktari wengi na faili safi ilimpoteza mtoto kwa sababu yaliyoonekana hayakuandikwa na yaliyoandikwa hayakusomwa. Sisi wenye benchi moja na muuguzi mmoja hatuwezi kutegemea macho ya mtu mmoja hodari. Tunahitaji utaratibu.

Na utaratibu upo, haugharimu mamilioni. Uholanzi waliweka maswali sita kwenye karatasi ya kila mtoto anayeingia kitengo cha dharura, awe ameumia au ana homa. Je, maelezo ya jinsi alivyoumia yanashikana? Je, walichelewa kuja bila sababu ya maana? Je, jeraha linaingiana na umri wa mtoto na hatua aliyofikia ya kukua? Je, mtoto na walezi wake wanahusiana inavyotarajiwa? Je, yaliyoonekana alipokaguliwa kutoka utosini hadi unyayoni yanaafikiana na maelezo? Je, kuna dalili nyingine yoyote ya kutia shaka juu ya usalama wake? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliohusu hospitali saba na watoto zaidi ya 104,000, kiwango cha watoto walioulizwa maswali kilipanda kutoka 20 kwa mia hadi 67 kwa mia katika muda usiotimia miaka miwili, baada ya wauguzi kufunzwa na maswali kuwekwa kama sharti. Miongoni mwa watoto walioulizwa, walioshukiwa kuteswa walikuwa mara tano zaidi kuliko miongoni mwa wasioulizwa. Ni maswali sita tu, na muuguzi aliyezoea huyamaliza huku akipima joto.

Hayo maswali hayawezi kuletwa hapa yalivyo yakabandikwa ukutani. Swali la kuchelewa, kwa mfano. Mama wa mtaa wa Bangladesh kule Jomvu anaweza kuchelewa kwa sababu hana nauli, au anamngoja mume arudi bandarini, au alipita kwanza duka la dawa, au jirani alimwambia ampake dawa ya meno kwenye kidonda cha moto. Wa Likoni anaweza kukwama feri. Hiyo si dalili ya ukatili, ni umaskini na foleni. Vivyo hivyo alama za mwilini. Tuna chale za kutibiwa. Tuna hijama, yaani kuumikwa, inayoacha miduara mgongoni. Tuna watoto wengi wanaozaliwa na waa la rangi ya buluu kiunoni na matakoni ambalo mgeni hudhani ni chubuko. Tuna watoto wenye selimundu (sickle cell), vidole huvimba bila kuguswa na mtu. Na kwa ngozi nyeusi chubuko halionekani upesi, sharti taa iwe nzuri na mkono uguse. Wauguzi wetu wa watoto, wakikaa na maafisa wa watoto na wakunga wazoefu, wanaweza kuandika maswali yetu wenyewe kwa Kiswahili katika muda mfupi.

Wakifika kwenye michubuko, kuna kanuni iliyokwisha kupimwa. Daktari Mary Clyde Pierce na wenzake walichapisha mwaka 2021 utafiti wa watoto wa chini ya miaka minne. Chubuko kwenye kiwiliwili, sikio au shingo. Ule utando unaoshika mdomo au ulimi ukichanika. Chubuko kwenye pembe ya taya, shavuni, kwenye kope. Damu kwenye weupe wa jicho. Alama yenye umbo la kitu, kama mkanda au mkono. Au chubuko lolote lile, popote, kwa mtoto asiyefikisha miezi mitano. Hizo ndizo za kusimamisha kazi na kuuliza. Magoti na vipaji vya nyuso, hapo watoto huumia kila siku. Kanuni hiyo iliwatambua 95 katika kila watoto 100 walioteswa, na haikuwagusa 87 katika kila 100 walioumia kwa ajali. Inaenea kwenye kadi ya mfukoni.

Sasa nije kwenye shida ambayo ni yetu hasa, daftari.

Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa wa nje huja na daftari lake, au hununua kitabu hapo nje ya lango. Daktari huandika humo, na mama hurudi nalo nyumbani. Kwa hiyo historia ya mtoto inakaa ndani ya nyumba ile ile tunayoihofia. Mlezi mwenye jambo la kuficha hana haja ya kughushi chochote. Anasahau daftari, ananunua jipya, ukurasa wa kwanza ni mweupe. Au anavuka. Mombasa ni ndogo na milango yake ni mingi: wa Likoni akitaka atakwenda Msambweni, wa Kisauni atapita daraja la Mtwapa awe yuko Kilifi, wa Changamwe ataingia kliniki ya mtu binafsi alipe aondoke. Kila mlango unamwona mtoto kwa mara ya kwanza.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ilipitishwa mwaka 2023 ili taarifa za wagonjwa ziweze kusafiri kutoka hospitali moja hadi nyingine. Bima mpya ya afya ya jamii ilianza Oktoba 2024, na familia zinasajiliwa humo, watoto wakiwa chini ya wazazi. Kwa hivyo njia ya kumpa kila mtoto nambari moja, itakayomfuata kila anapotibiwa, imeshafunguliwa. Ninachoogopa ni kwamba tutaitumia kuhesabu malipo tu. Mfumo unaoweza kukumbuka kwamba mtoto ameshalipiwa, unaweza pia kumwambia daktari wa zamu: huyu ameletwa na jeraha mara tatu mwaka huu, katika hospitali mbili.

Kabla hiyo haijafika, kuna la kufanya kesho kwa kalamu na rejista zilizopo. Kila Jumatatu asubuhi, mtunza rekodi, muuguzi wa dharura na afisa wa kliniki wakae nusu saa na majina ya watoto wote walioletwa wameumia wiki iliyopita. Wawalinganishe kwa nambari ya simu, kwa mtaa, kwa tarehe ya kuzaliwa. Wawatoe kando wale wasioanza kutembea wenye mfupa uliovunjika, chubuko au kuungua. Walioletwa zaidi ya mara moja. Na walioondoka kabla ya kuonwa na daktari, maana hao nao wana habari zao. Orodha itakuwa fupi. Kisha orodha hiyo iwe na mtu wa kuipokea.

Hapo ndipo ninapowageukia ninyi wa Huduma za Watoto, kwa heshima zote. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Muuguzi akiwa na shaka saa nne ya usiku wa Jumamosi anampigia nani? Simu ya watoto ya 116 ipo, haitozwi, na nashukuru kwamba ipo. Ibandikwe kila chumba cha kupimia. Lakini hospitali inahitaji pia afisa wa watoto wa zamu, wa kaunti hii, mwenye jina na simu inayopokelewa, na mwenye idhini ya kusema mtoto alazwe usiku huu hadi tutakapojua anarudi kwa nani. Kitanda cha wodi ni mahali salama pa kungojea jibu. Mwaka mzima tunalaza watoto kwa nimonia. Kumlaza mmoja kwa sababu nyumba yake inatutia hofu ni tiba pia.

Mfano wa kufuata tunao hapa hapa. Katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara, kuna kituo cha waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Mtoto aliyenajisiwa ana njia: kuna fomu ya wizara, MOH 363, kuna dawa za kuzuia VVU ambazo lazima zianze ndani ya saa 72, kuna mshauri, kuna ushahidi unaotunzwa, kisha fomu ya polisi ya P3. Njia hiyo ilijengwa na watu waliokataa kusikia kwamba haiwezekani. Mtoto aliyevunjwa mkono au aliyetiwa miguu kwenye maji moto hana njia ya namna hiyo. Kwake kila kitu kinategemea kama muuguzi wa zamu ana moyo na ana nafasi. Panueni mlango ule ule uwapokee na hao.

Najua kuna wanaosoma hapa na kusema, mnataka kuwafunga wazazi. La. Na hili nalisema kwa uzito kwa sababu ni hatari ya kweli. Huko Uholanzi, utafiti wa baadaye juu ya maswali yale yale sita ulionyesha kwamba kati ya kila watoto kumi waliopata alama ya shaka, ni mmoja hivi aliyethibitika. Tisa walikuwa salama. Lau kila shaka ingepelekwa kituo cha polisi, familia tisa zingedhalilishwa ili kumpata mmoja, na mwezi wa pili akina mama wangeacha kuleta watoto hospitalini, wabaki na vidonda vyao ndani. Kwa hiyo shaka ya kwanza iende kwa watu watatu waliofunzwa, si kwa askari. Mtoto akaguliwe mwili mzima, mlezi aulizwe kwa upole na peke yake, mtoto anayejua kusema aulizwe peke yake. Mara nyingi itagundulika kwamba mama mwenyewe anapigwa, na anayehitaji msaada ni wawili.

Tena maswali yaulizwe kwa kila mtoto, kila hospitali. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikuta kwamba watoto wa jamii za wachache waliovunjika mifupa walichunguzwa na kuripotiwa zaidi kuliko watoto weupe, hata pale ambapo jeraha lilikuwa ajali. Kwetu ubaguzi huo ungekuja kwa sura ya mtaa. Anayetoka Moroto aulizwe, anayeshuka kwenye gari la Nyali asiulizwe. Ukatili hauchagui ukuta. Hospitali za watu binafsi ziwekewe sharti lile lile wakati wa kupewa leseni, na mtoto wa kazi aliyeletwa na mwajiri aulizwe kwa uangalifu zaidi kuliko wote, kwani hana mtu wa kwao karibu.

Faili hizi pia zilindwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mombasa ni mji wa jirani na jirani. Habari ikitoka dirishani alasiri, magharibi iko barazani. Alama ya shaka isiandikwe kwenye daftari ambalo mlezi anarudi nalo. Ikae hospitalini, ifunguliwe na wachache, na kila anayeifungua jina lake libaki hapo.

Wengine wataniambia habari za nyumba zina sitara yake. Mimi nami ni mtoto wa hapa, nimelelewa katika sitara hiyo na ninaiheshimu. Inamfunika maskini asijulikane na mwenye dhiki asichekwe. Haikuwekwa kumfunika mtu mzima anayemchoma mtoto. Na tukitajiwa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, tukumbuke kwamba Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 29, imekataza adhabu ya viboko, na kifungu cha 53 kinamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili na kutelekezwa, na kuyaweka maslahi yake mbele ya yote. Sheria ya Watoto, iliyoanza kutumika Julai 2022, imeeleza kwa kirefu ni mtoto gani anayehitaji kulindwa. Mahakama ya Watoto iko Tononoka. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2019 juu ya ukatili dhidi ya watoto, karibu wasichana 39 na wavulana 52 kwa kila 100 wa miaka 18 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili wa mwili utotoni. Kwa Mombasa hao ni maelfu ya watu, na wengi wao majina yao yamo kwenye vitabu vyetu, wakiandikwa ameanguka.

Kwa hiyo ninaomba mambo haya, na ninaomba yajibiwe kwa maandishi. Mheshimiwa Waziri wa Afya, toa agizo la maswali sita kwa kila mtoto anayeingia kitengo cha dharura, uanze na Makadara, Tudor, Port Reitz na Likoni, na utenge siku za kuwafunza wauguzi, maafisa wa kliniki na sisi wa rekodi kwa pamoja, kwa maana mafunzo ya siku zote hutuacha nje sisi wa dirishani. Mratibu wa Huduma za Watoto, tupe jina na simu ya afisa wa zamu kwa kila kaunti ndogo, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, usiku na sikukuu. Wasimamizi wa hospitali, tupeni nusu saa ya Jumatatu, na mtoe waraka unaosema wazi kwamba mfanyakazi yeyote, hata anayefagia wodi, anaweza kusema ana shaka na hataadhibiwa kwa kusema. Mheshimiwa Gavana, zungumza na wenzako wa Kwale na Kilifi kuhusu watoto wanaovuka mipaka, na uweke fungu la kazi hii katika bajeti kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai.

Niko tayari kuja kwenye kikao chochote mtakachoitisha nieleze jinsi ya kulinganisha majina ya rejista, hatua kwa hatua, na wenzangu wa rekodi wako tayari pia. Tukikubaliwa, kikao cha kwanza kinaweza kukaa Jumatatu ijayo.

Wenu katika utumishi,

Mtunza rekodi za afya,
Kisauni, Mombasa